Magofu yasiyo na kuta: kusoma maboma, matanuru ya shaba na matofali ya zamani ukitembea porini karibu na Lubumbashi

Mtu anayetoka Lubumbashi Jumapili asubuhi kwenda kutafuta magofu ya kale porini mara nyingi hurudi jioni na lalamiko moja: hakuna kitu. Kichwani alibeba picha ya ngome ya Ulaya yenye minara, au ya Fort Jesus ya Mombasa ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, au ya Husuni Kubwa kule Kilwa. Katanga, eneo la kusini-mashariki mwa Kongo ambalo Lubumbashi ndio mji wake mkuu, haina jengo la namna hiyo, na anayelitafuta atapoteza siku yake. Lakini ardhi hiyohiyo aliyoikanyaga ina alama za watu walioyeyusha shaba tangu zaidi ya miaka elfu moja na mia tano iliyopita. Hazikuonekana kwa sababu ziko chini ya magoti, si juu ya kichwa.

Ugumu wa pili ni mchanganyiko. Kilima kimoja cha shaba kinaweza kuwa na mashimo ya wachimbaji wa kale, mitaro ya wapimaji wa wakati wa Wabelgiji, visima vya wachimbaji wa leo, na kando yake nyumba ya matofali iliyoezuliwa. Bila kuvitenganisha, kila shimo litaitwa "la Msiri", mfalme wa huku wa karne ya 19, na kila ukuta utaitwa "wa wamisionari". Makala hii inajaribu kuvitenganisha.

Kwa nini hakuna kuta za mawe

Pwani kulikuwa na mawe ya matumbawe yanayochongeka na chokaa inayochomwa kutokana nayo. Huku kuna msitu wa miyombo usio na mwisho, na mti ndio uliokuwa tofali la hapa. Halafu vijiji vilihama. Udongo wa miyombo unachoka upesi. Mashamba yakipungukiwa na mavuno, watu wanakata msitu mwingine na kujenga upya. Hakuna anayejenga ukuta wa miaka mia tano mahali atakapoishi miaka kumi. Ulinzi ulikuwa boma la magogo yaliyosimikwa wima, yakifungwa kwa kamba za magome, mara nyingine likiwa na mtaro nje yake. Mchwa na mvua walimaliza kazi ndani ya miaka michache tu baada ya watu kuondoka.

Bunkeya ndiyo mfano mkubwa. Kutoka hapo, kaskazini mwa mji unaoitwa Likasi leo, Msiri alitawala ufalme wa Wayeke katika nusu ya pili ya karne ya 19. Mmisionari Frederick Stanley Arnot alifika mwaka 1886. Wageni wa wakati ule walieleza mji uliotawanyika katika vijiji vingi, na mafuvu ya maadui yaliyochomekwa juu ya magogo ya boma. Tarehe 20 Desemba 1891, katika kijiji cha Munema nje kidogo ya Bunkeya, kapteni Omer Bodson wa msafara wa William Stairs, uliotumwa kuiweka Katanga chini ya mfalme Leopold II wa Ubelgiji, alimpiga Msiri risasi akamuua, naye Bodson akapigwa risasi palepale na kufa. Watu wakatawanyika. Magogo yale hayapo tena, na anayekwenda Bunkeya kutafuta "ngome ya Msiri" atakuta uwanja na nyumba za watu.

Kinachotembelewa Bunkeya ni kiti cha ufalme kilicho hai: makaburi ya wafalme, baraza la Mwami, yaani mfalme, na kumbukumbu inayofanywa kila tarehe 20 Desemba. Kwa hiyo mlango wa kuingilia ni watu wa Mwami. Unafika kwanza barazani, unaeleza umetoka wapi na unataka kuona nini, unapewa mtu wa kukutembeza. Anayezungukazunguka na simu akipiga picha za makaburi kabla ya kusalimia ataulizwa maswali, na ataulizwa kwa haki.

Mahali pengine, ambako boma lilikuwa la mkubwa mdogo na hakuna anayelikumbuka, soma ardhi. Tafuta mviringo wa bonde dogo ambalo limejaa udongo na kubaki na kina cha mguu mmoja hivi. Linaonekana vizuri jua likiwa chini, saa kumi na mbili na nusu asubuhi au saa kumi na moja jioni, kivuli kikilala ndani yake. Tafuta mikuyu iliyosimama kwa mstari au nusu duara, kwa sababu gogo bichi la mkuyu likisimikwa huchipua, na ua lililokufa linaacha miti hai. Tafuta mawe ya kusagia yenye tundu la kina kirefu katikati: vigae vya vyungu hubebwa na maji, lakini jiwe la kusagia ni zito na hubaki uani. Miembe mikubwa nayo ni dalili, ila ya karibuni zaidi. Ilikuja na misafara na misheni, kwa hiyo inaonyesha kituo, si boma la kale sana.

Na vichuguu? Vile vikubwa vya porini hapa vinafika mita kadhaa kwenda juu, vingine hata mita nane, vina mteremko laini na miti juu yake, na vimekuwapo tangu kabla ya babu zetu. Ni kazi ya mchwa. Hata hivyo usivipite haraka, kwa sababu ndivyo vinavyotupeleka kwenye matanuru.

Matanuru: hapa ndipo penye utajiri

Ukitaka gofu la Katanga lenye umri wa kushindana na ngome yoyote, ni tanuru la shaba. Naviundu, pembeni kabisa mwa mji wa Lubumbashi, yamepatikana mabaki ya kuyeyusha shaba ya takriban karne ya 4 hadi ya 5. Kwenye makaburi ya Sanga, kando ya Ziwa Kisale, waliofukua mwaka 1957 na 1958 walikuta wafu wamezikwa na vito vya shaba, na katika makaburi ya baadaye, misalaba midogo ya shaba mikononi na kiunoni. Misalaba hiyo ikawa sarafu ya eneo zima, na ndiyo iliyochorwa kwenye bendera ya Katanga ilipojitangaza nchi mwaka 1960.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kiangazi, baada ya mavuno, wakati mashimo yamekauka na kuni ni kavu. Jiwe lililotafutwa ni malakiti, lile la kijani, ambalo likiwa safi karibu asilimia 57 yake ni shaba. Lilipondwa, likachaguliwa kwa mkono, likaoshwa mtoni. Tanuru lilijengwa kwa udongo wa kichuguu, kwa sababu mchwa wameshauchekecha: ni mlaini, hauna kokoto, unashikana, na hustahimili moto bila kupasuka sana. Ndani ziliwekwa tabaka za makala (makaa ya miti) na malakiti. Mivukuto ya ngozi ilisukuma hewa kupitia mirija ya udongo. Shaba inayeyuka kwenye nyuzi 1,085 za Selsiasi, na moto wa makala bila mivukuto haufiki hapo. Ilipokwisha kukusanyika chini, tanuru lilivunjwa. Donge lile liliyeyushwa tena kwenye chungu kidogo na kumiminwa katika umbo la msalaba.

Kutokana na maelezo hayo unajua cha kutafuta na mahali pa kukitafutia. Usitazame mdomoni mwa shimo peke yake. Myeyushaji alihitaji maji, kichuguu na miti ya makala. Basi shuka kutoka kilimani kuelekea kijito kilicho karibu, na utembee polepole kwenye ukingo mkavu ulio juu ya maji ya masika, hasa kando ya vichuguu vilivyochimbwa ubavu.

Usitegemee ukuta wa tanuru uliosimama, kwani lilivunjwa makusudi. Utakachokuta ni duara la udongo uliookwa mwekundu, lenye upana wa mkono au zaidi kidogo, na vipande vya mirija. Kipande cha mrija ndicho ushahidi mzuri kuliko vyote. Kiiname ukitazame kilipo: upande mmoja ni mwekundu na mkavu, kuelekea ncha rangi inageuka kijivu, kisha nyeusi, na ncha yenyewe imeyeyuka, inang'aa, ina mapovu madogo yaliyoganda. Tundu la katikati linaingia kidole, mara nyingine viwili. Ncha ile ndiyo iliyokuwa ndani ya moto. Ukiona kitone cha kijani kimeng'ang'ania hapo, ni shaba iliyoota kutu, na hakuna tena cha kubishana.

Mavi ya shaba, yaani uchafu ulioganda baada ya kuyeyusha, huwa machache kuliko watu wanavyodhani. Malakiti iliyochaguliwa vizuri ina uchafu kidogo, kwa hiyo tanuru la kale liliacha madonge ya kujaza karai, si mlima. Ule mlima mweusi unaoonekana mjini Lubumbashi pamoja na bomba refu la moshi ni wa kiwanda kilichoanza kuyeyusha mwaka 1911, na ni hadithi nyingine kabisa.

Makosa ya kutambua ni yaleyale kila mara. La kwanza ni tanuri la makala. Porini karibu na mji kila kilomita chache kuna mahali palipochomwa makala, pana udongo mweusi na vipande vyekundu vilivyookwa, pamoja na majani yaliyofunikiwa moto. Lakini tanuri la makala ni refu, mita nne, sita au zaidi, halina mirija, na halina kitu chochote kilichoyeyuka. La pili ni mawe ya chuma ya kawaida ya ardhi yetu, mekundu na yenye matundu. Yapasue: ndani ni udongo wa kutu, hauna mng'ao wala mapovu ya mviringo. La tatu ni uchafu wa wahunzi wa chuma, nao ni wa kale na wa maana, ila hauna ukijani. Wengine hubeba sumaku. Si hakimu mzuri, maana uchafu wa shaba nao unaweza kuwa na chuma ndani yake. La nne ni wafyatuaji matofali wa leo, ambao nao huchimba vichuguu. Wao wanaacha shimo lenye kona nne na matofali mabovu kandokando.

Kuna msaidizi mwingine ambaye wachimbuaji wa mambo ya kale wa Katanga wanamthamini sana: maua. Udongo wenye shaba nyingi huua miti ya miyombo, kwa hiyo kilima cha shaba kinaonekana kwa mbali kama uwazi wa nyasi katikati ya msitu. Humo huota mimea iliyozoea sumu hiyo. Mmoja wao, Haumaniastrum katangense, mmea mdogo wa mwaka mmoja wenye maua ya zambarau, huota pia mahali palipoyeyushiwa shaba zamani, hata mbali na kilima chochote cha shaba, kwa sababu vumbi la malakiti na mavi ya tanuru vilitia sumu kiduara kile cha ardhi. Kwa hiyo kiwanja kidogo cha maua hayo kwenye ukingo wa kijito, mahali ambapo hakuna mwamba wa kijani, ni sababu nzuri ya kuinama. Hayathibitishi peke yake. Barabara iliyomwagiwa kifusi cha mgodi nayo huyaotesha.

Shimo la nani?

Karibu migodi yote mikubwa iliyofunguliwa na Union Minière, kampuni ya madini iliyoundwa mwaka 1906, ilianzia kwenye mashimo ya wenyeji. Wapimaji waliokuja mwishoni mwa karne ya 19, kama Jules Cornet na George Grey, waliongozwa kwenye vilima ambavyo Wasanga, Walamba na wengine walikuwa wakivichimba siku nyingi. Mgodi wa Kalukuluku, uliobatizwa Étoile du Congo, ulikuwa hivyo.

Shimo la kale halina mpangilio: linafuata mshipa wa malakiti, linapanuka na kujikunja, limejaa nusu, na ndani yake umesimama mti mzima. Mti huo ni saa yako. Shimo halina umri mdogo kuliko mti. Shimo la mpimaji wa kikoloni lina kuta zilizonyooka na pembe nne, na ukitembea mstari mnyoofu utakuta jingine kwa umbali uleule, kisha jingine. Kisima cha mchimbaji wa leo ni cha mviringo, chembamba cha kutosha mtu mmoja kushuka akikanyaga pande zote mbili, kina udongo mbichi mdomoni, mifuko ya plastiki, kipande cha kamba.

Cha tatu ndicho kinachoua. Mdomo wake umechimbwa kwa ndani, kwa hiyo unaposimama ukingoni huenda huna ardhi chini ya miguu. Kaa mita tano kutoka kisima chochote usichokijua kina chake, mita kumi masika. Usiingie hata kwenye mtaro mfupi wa mlalo: paa linabomoka bila onyo na hewa ya ndani inaweza kuwa mbovu bila harufu yoyote. Na wachimbaji wakiwepo, mahali hapo ni kazini kwa watu. Salimia kutoka mbali, usipige picha, pita.

Shinkolobwe usiende. Uranio ya mgodi huo iliingia kwenye bomu la Hiroshima, mgodi ulifungwa rasmi kwa wachimbaji mwaka 2004, na kifusi chake bado kina mnunurisho, yaani mionzi hatari. Hakuna gofu la hapo linalostahili safari.

Matofali

Hapa hatutakaa sana, kwa kuwa ukuta unajieleza. Reli ilifika Élisabethville, jina la zamani la Lubumbashi, mwaka 1910, na kuanzia hapo vituo, nyumba za wakubwa wa kazi, maghala na misheni vilijengwa kwa matofali ya kuchomwa. Nyumba iliyoachwa hufa kwa utaratibu. Mabati huondoka kwanza, yakibebwa kwenda kuezekea kwingine. Kisha milango na madirisha. Bila paa mvua inaingia kutoka juu ya ukuta na kushuka katikati yake. Kama matofali yaliunganishwa kwa udongo, na juu ikapakwa chokaa tu, udongo unayeyuka na ngozi ya nje inavimba. Nyufa huanzia pembe za juu za madirisha. Hivyo ukuta ulio hatari si lazima ule uliopinda; ni ule uliovimba katikati. Usipite chini ya kizingiti ambacho ubao wake umeng'olewa. Na mizizi ya mkuyu iliyoshika ukuta usiivute: mara nyingi ndiyo inayousimamisha.

Kuna mahali pamoja pa mwanzo wa uhuru ambapo hakuna matofali ya kutazama ila panastahili kituo. Shilatembo, yapata kilomita 50 kutoka Lubumbashi kwenye barabara ya Likasi, ndipo Patrice Lumumba, Maurice Mpolo na Joseph Okito walipouawa kwa risasi usiku wa 17 Januari 1961. Panaweza kuunganishwa na safari ya kwenda Likasi au Bunkeya kwa siku moja, mradi utoke mapema.

Kwenda

Anza na makumbusho ya taifa mjini Lubumbashi. Saa moja mbele ya misalaba, vyungu na vifaa vya uyeyushaji inazoesha jicho kuliko siku nzima ya kubahatisha porini. Halafu chagua msimu kulingana na unachotafuta. Mwisho wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, maua ya shaba yanaonekana lakini nyasi zimekupita kichwa. Agosti na Septemba, moto ukishapita, ardhi iko uchi na kipande cha mrija kinaonekana kutoka hatua tatu. Ndio wakati bora wa matanuru na mitaro ya maboma. Ila usiingie porini siku ya upepo ukiona moshi mbele, na kaa kwenye sehemu iliyokwisha kuungua. Juni na Julai asubuhi ni baridi kali, beba sweta. Oktoba joto linachosha, na kuanzia Novemba mvua hufunga barabara za udongo.

Kwa mwendo wa kilomita 12 beba lita tatu za maji kila mtu, na usitegemee vijito vilivyo chini ya migodi, hata maji yakionekana safi. Vaa suruali ndefu na buti: kifutu hulala njiani akiwa na rangi ya majani makavu, na upupu wa kiangazi humwaga manyoya yake mtu akiugusa tu. Aliyewashwa asijikune wala asioge kwanza; apake matope, yakauke, ayabandue.

Karibu kila kilima cha shaba kiko ndani ya kibali cha kampuni fulani, hata kama hakuna uzio. Ukikuta nguzo za saruji zenye namba, alama za rangi au walinzi, rudi. Nje ya hapo, ardhi ina chifu. Pitia kwa kapita (mkuu) wa kijiji cha mwisho kabla ya pori, eleza safari yako, omba kijana wa kukuongoza na mpatane malipo yake kabla ya kuondoka. Sukari na chumvi havijawahi kukataliwa. Muulize swali moja ambalo ni la maana kuliko ramani: ni wapi ambapo watu hawalimi wala hawakati miti? Mara nyingi ni makaburi au mahali pa mizimu, na huko utaenda ukiruhusiwa tu. Mara nyingine ni ardhi ya shaba isiyoota mahindi, na huko ndiko ulikokuwa unakutafuta.

Ulichokikuta kiache. Sheria nambari 71-016 ya tarehe 15 Machi 1971 inalinda mali za utamaduni, na kufukua bila idhini ni kosa; tena mrija uliohamishwa haumwambii mtaalamu chochote, kwa kuwa umri wa tanuru hupatikana kwenye makala yaliyo chini yake. Piga picha tatu: moja ya karibu ukiweka kalamu au noti kando ili ukubwa ujulikane, moja ya duara zima, moja ya mbali inayoonyesha kijito na kichuguu. Washa kipimo cha mahali kwenye simu kabla ya kupiga, andika jina la kijiji na la kijito kama kapita anavyoyatamka, na vipeleke makumbusho. Usiviweke kwenye mitandao pamoja na mahali kamili: wanaonunua misalaba ya shaba kwa wageni wanasoma pia.